Paka Hewani

Toleo la tatu liliishia ukurasa wa thelathini na mbili:
paka wetu, jicho moja, mkia uliokatwa na mlango wa gari,
karuka kutoka paa la Bi Shekha kwenda paa la dobi,
miguu minne imekunjuka, chini yake uchochoro wa Mabela,
na pembeni, kwa mwandiko wa Harith: Itaendelea.

Haikuendelea.
Mwenye mashine ya chapa kule Ruwi alitaka pesa taslimu
na sisi tulikuwa na rangi tu, tena mbili:
nyekundu, na ile niliyoikoroga
kwa kahawa iliyobaki ndani ya dele.
Nakala mia tatu, nilizipaka kwa mkono.
Nasema leo kwa kuwa nimesikia wataalamu
wakiisifu rangi yake, ati ya majabali ya Oman.
Ni kahawa, jamani.

Miaka kumi na moja paka yuko hewani.
Harith akaoa, akaajiriwa idara ya maji, akaota kitambi,
paka yuko hewani.
Watoto walionunua kwa baisa mia mbili
wakafuga ndevu, wakawa wanamsimamisha sokoni Seeb:
"Ami, alifika?"
Naye hucheka, hujipapasa mfukoni
kama mtu anayetafuta funguo.

Kisha wakaja vijana wa studio kutoka Dubai
na makaratasi ya kutia saini kila ukurasa.
Leo Alhamisi, baada ya magharibi, sehemu ya kwanza.
Sebule imejaa. Kachori, chai ya maziwa,
viatu mlangoni kama vya matangani.

Paka anatembea!
Hilo sikutegemea litanipiga kifuani.
Mimi nilimjua kwa vituo: yuko hapa, kisha yuko pale,
na katikati ule mstari mweupe, upana wa ukucha,
ambamo kila mtoto alimtembeza apendavyo.
Sasa mwendo ni mmoja.

Anatokea bibi mpika vitumbua.
Harith alimchora Bibi yetu, huyu huyu aliyekaa kwenye kochi:
kanga, kidoti, pengo la mbele.
Kitabuni husema: "We paka, huna kwenu?"
Kwenye televisheni anasema Kiarabu cha msoma habari,
kila irabu imepigwa pasi.
Bibi anasogeza miwani.
"Pengo langu," anasema. "Ulimi wa nani?"
Tukacheka, ila tulichelewa kidogo kucheka.

Basi kila yule wa kiooni akifungua kinywa
huyu wa kochini anamsahihisha:
"Sema, huna kwenu? Sema, we paka!"
Na Azzan, miaka sita, magoti yako kwenye zulia:
"Shhh, Bibi! Anaruka!"

Akaruka.
Muziki ukapanda, uchochoro ukapita chini mbio,
na kabla sijameza funda la chai,
miguu minne, taratibu, juu ya zege.
Sekunde tatu.
Watoto walipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Harith hakuwa kwenye kiti chake.
Nilimkuta juu ya paa, kati ya matangi ya maji
na kompresa zinazonguruma,
anaangalia paa la pili
kama fundi apimaye kitambaa kwa macho.
"Amefika," nikamwambia.
"Nimesikia."
Joto la mchana lilikuwa bado linatoka kwenye zege,
linapenya ndala.
"Unajua, Ruqia," akasema, "mimi nilikuwa sijaamua."

Sikuwa na la kumjibu.
Chini, tangazo la sabuni lilikwisha anza,
na Bibi alikuwa bado anamfundisha mwenziwe
kusema paka.